Mwanajeshi Aliyeandika Kwamba Aliogopa

Wasomaji wa kikundi chetu cha Vwawa siwapendi, na miaka iliyopita haijanilainisha. Wakati ule nilikuwa nafundisha shule ya msingi. Kila Jumamosi mchana tulikutana nyuma ya duka la vifaa vya shule, walimu, makarani na mnunuzi mmoja wa kahawa, tukasoma kitabu kwa sauti kwa kupokezana, kisha tukakijadili. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa suti, ambaye alihukumu vitabu kama anayesahihisha mitihani.

Tulisoma kwanza maisha ya mwanasoka mmoja wa huku huku kwetu, aliyevuka mpaka akachezea timu za migodini Zambia mpaka goti likamshinda. Mabao yake aliyaeleza moja moja. Alieleza pia, kwa mzaha, jinsi alivyokosa penalti, akarudi nyumbani na kumtoa nje mkewe mjamzito kwenye mvua, eti ndiye aliyemtia mkosi. Wenzangu walicheka hata msomaji akashindwa kuendelea. Mwenyekiti akasema huo ndio ukweli tunaoutafuta katika vitabu vya maisha. Niliposema sioni cha kuchekesha, nikaambiwa nina moyo mzito.

Mwanamke yule nilimfahamu. Alikuwa ameshaachana na mumewe, akawa anauza vitenge Mlowo, nami nilikuwa mteja wake. Nilipokwenda sokoni nikamuuliza kama amekiona kitabu. Alisema hajakisoma, ila watu wamemsimulia vya kutosha. Mwanaume mmoja alikuwa amepita kibandani kumuuliza kama leo mvua itanyesha, na wenzake wakaangua kicheko. Alinieleza hayo huku akikunja kitenge.

"Mtoto yule hakuzaliwa mzima, mwalimu," akasema. "Hilo hakuliandika."

Kitabu kilichofuata kilikuwa chembamba, cha mwanajeshi mstaafu aliyehamia Kamsamba kulima mpunga. Alipigana vita vya Uganda. Humo aliandika kwamba mabomu yalipoanza kuanguka alilala mtaroni akajikojolea, na kwamba rafiki yake aliyejeruhiwa alimwita kwa jina, naye hakwenda.

Tulikuwa tumemwalika. Alipanda na lori la mpunga, amevaa koti kubwa kuliko mwili wake kwa sababu ya baridi ya Vwawa, akatuletea mfuko wa mchele. Hawakungoja hata apumzike. Karani mmoja alitaka kujua ameua maadui wangapi. Mzee akasema hajui. Mwingine akamwambia ameyadhalilisha magwanda, mambo ya mtaroni angekufa nayo. Mnunuzi wa kahawa akanong'ona, kwa kusudi la kusikika, kwamba mtu alikufa pale kwa sababu ya mwoga.

Mwenyekiti akakifunga kitabu. "Mzee, hiki si kitabu cha mwanajeshi. Vijana wetu watajifunza nini hapa?"

Mzee aliweka mikono juu ya magoti.

"Mama wa rafiki yangu aliniuliza mwanawe alikufaje," akasema. "Nikamdanganya. Amekufa akiniamini. Ndiyo maana nimeandika."

Mwenyekiti akaanza kuzungumzia makosa ya uchapaji.

Hapo nikasimama. Niliwauliza kwa nini aliyemtupa mkewe mjamzito kwenye mvua walimcheka kwa upendo, na huyu aliyeshindwa kuinuka chini ya mabomu wanamtemea mate. Mwenyekiti akanijibu nisichanganye mambo, yule alikuwa mcheza mpira tu. Nikamwambia mkewe hakuwa mpira. Habari ya mtoto sikuwapa. Haikuwa yangu, na wao hawakustahili kuisikia.

Nikatoka na mzee. Njiani kuelekea barabara kuu aliniuliza kama kitabu cha mwanasoka ni kizuri. Nilimjibu ukweli kwamba kimeandikwa vizuri kuliko chake. Akatikisa kichwa, akapanda gari la kuteremka Kamsamba. Kwenye kikundi kile sikurudi tena.

Mzee alifariki miaka michache baadaye. Nilikwenda maziko, kwenye joto la bonde la Kamsamba, nikamkuta mwenyekiti ameombwa na ukoo asome wasifu wa marehemu, kwa kuwa ni msomi na alimfahamu. Alisoma vizuri, sauti imetulia. Alisema tunamzika shujaa ambaye hakujua woga, aliyeingia kwenye moto wa adui kumwokoa mwenzake. Watu waliitikia kwa kichwa. Wengine walilia.

Binti wa marehemu, aliyekuwa ameketi mkekani karibu nami, aliniinamia akauliza taratibu kama yule bwana aliwahi kukisoma kitabu cha baba.

"Alikisoma chote pamoja nasi," nikamwambia. "Kwa sauti."