Mama na Roboti Aliyesali

Niliandika kipindi cha kuchekesha kuhusu roboti wa kazi za nyumbani, nikakirekodi sebuleni kwa mama yangu, mtaani Mbuya. Nilitaka kupeleka sehemu ya kwanza kwenye kituo cha televisheni, waione, wanunue, kisha tuendelee.

Aliyeigiza roboti alikuwa rafiki yangu, fundi cherehani Mkongo mwenye duka mtaa wa Kansanga. Nilimchagua kwa sababu ni mrefu na hacheki ovyo. Alijishonea mwenyewe vazi la kitambaa cha kung'aa, akalitia maboksi ndani ili lisimame. Akishalivaa hawezi kuinama wala kukaa.

Mama hakuwamo kwenye kipindi. Tulimwomba sebule tu, naye akakubali mradi tusiguse mapazia. Mwenye nyumba angeigizwa na dada mmoja niliyesoma naye. Siku hiyo dada huyo alikuwa anahangaika na maneno yake, na roboti, kama nilivyoandika, akamimina chai mezani badala ya kikombeni. Mama akatoka jikoni.

"Wewe, nani alikufundisha kumimina hivyo?"

Alimwuliza kwa Kiswahili cha kambini, kile mama alichojifunza kwenye kambi za jeshi alikotumikia baba, baada ya wao kutoka kaskazini. Fundi akasahau kwamba anaigiza. Akakaza mgongo.

"Samahani, mama."

"Samahani haifuti meza. Chukua kitambaa."

Mpiga picha hakuzima kamera. Roboti alifuta meza akiwa wima kama mlingoti, mkono haufiki, mama akimsogezea meza kwa goti. Dada yule alikuwa amekaa kwenye kochi, analia kwa kicheko. Baadaye yeye mwenyewe akasema, "Mpe mama nafasi yangu. Mimi nitashika taa."

Mama hakutaka kusoma nilichoandika. Alisema ataongea na mashine kama anavyoongea na watu. Tulipofika kwenye chakula, akamwamuru roboti asali kwanza.

"Mama, roboti hali," nikasema.

"Hata kama hali, atasali. Ni dini gani huyu?"

"Ni mashine."

"Mashine inafuata dini ya nyumba inamokaa."

Fundi akafumba macho, akasali kwa sauti ya chuma, sala ndefu ya kwao Kongo. Mama akaitikia amina kwa dhati kabisa.

Mkubwa wa kituo alikitazama kipindi ofisini kwake, mimi nimekaa pembeni. Kwenye ile sala alicheka mpaka akavua miwani akajifuta macho. Kisha akasema hanunui. Kiswahili hicho, alisema, huku kwetu ni lugha ya wanajeshi; watu watasikia askari mlangoni. Tukirekodi upya kwa Luganda, na mama mwingine aliye kijana, tutaongea.

Nilirudi kwa mama. Mama alikuwa anachambua mchele.

"Alicheka?" akauliza.

"Alicheka."

"Sana?"

"Mpaka akatoa machozi."

"Sasa unanuna nini?"

Sikurekodi upya. Fundi ndiye aliyeomba tukionyeshe kanisani kwao, Namuwongo, Jumapili baada ya ibada. Tulitundika shuka ukutani. Wakongo walijaa, na majirani wakasimama madirishani. Roboti alipoanza kusali, kelele zilizidi hata hatukusikia yaliyofuata, ikabidi turudishe nyuma. Mama, aliyekuwa hajawahi kujiona kwenye picha, alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani. Alininong'oneza kwamba sauti yake ni nyembamba kuliko alivyodhani. Kisha akaanza kucheka na wenzake, akanishika mkono asianguke kwenye benchi.

Kipindi hakijanunuliwa hadi leo. Lakini wauza mboga wa Namuwongo wanamwita Mama Roboti, naye anasema jina hilo halimpendezi. Mbuya kuna nyanya nzuri, tena karibu na mlango wake. Hata hivyo, siku hizi anashuka mpaka Namuwongo kuzinunua.