Mwezi na Mwenzi

Wanaoingia kwenye ukumbi wetu wa nyota hudhani sauti wanayoisikia gizani imerekodiwa. Haijarekodiwa. Ni ya mwanamke aliyekaa nyuma ya pazia, katika kijichumba kisicho na dirisha, viatu kavua kwa sababu ya joto la mashine ya kuonyesha nyota, anasoma kwenye kipaza sauti jambo lilelile alilosoma jana. Sisi tunamwita Bi Sauti. Mimi nakata tiketi mlangoni, na kwa kuwa mdomo wangu hauna breki, kumsimulia kumeniangukia mimi.

Mumewe ndiye aliyekuwa fundi wa mashine hiyo. Bwana yule akicheka, kuba zima linaitikia. Homa ikamchukua ndani ya wiki moja. Bi Sauti alikuwa akiishi naye kwa mama mkwe, na huko akabaki. Watu walisema atakaa kidogo, machozi yakauke, aende zake. Machozi yalikauka.

"Kwani mama mkwe anakutesa?" nilimuuliza siku moja.

"Angenitesa ningeshaondoka. Ananipenda, dada. Nikichelewa, nakuta ananingoja mlangoni. Viatu vya marehemu anavipiga dawa kila wiki, anavipanga kando ya vyangu. Mtu kama huyo utamwambiaje unaondoka?"

"Unafungua mdomo, unasema."

"Mdomo wako wewe haulipiwi kodi," akanijibu.

Tungeweza kuendelea hivyo mpaka uzeeni, ila akaja seremala. Aliitwa kutengeneza viti vya ukumbi, akavitengeneza polepole mno kwa fundi mwenye mikono kama ile. Kiti kilicho karibu na pazia sijui kilikuwa na ugonjwa gani, kila siku kilihitaji kukazwa. Hatimaye akasema waziwazi: amepata kazi mji mwingine, anataka kumwoa Bi Sauti, na mwisho wa mwezi anaondoka, awe naye au asiwe naye. Hakusema kwa ubaya. Bi Sauti alimpenda, na asibishe mtu. Niliona anavyorekebisha mtandio wake kila akisikia nyundo.

Wakati huohuo tukaletewa meneja mpya, naye akagundua kosa letu. Kuna familia ya nyota tatu tunayoionyesha, ya kale kuliko jua, na kwa hesabu za angani ni jirani zetu wa mlango wa pili. Miaka nenda miaka rudi Bi Sauti alisoma hivi: "Tazameni nyota hii ya kale, na mwezi wake mweupe."

"Mama, nyota haina mwezi," meneja akasema. "Ni *mwenzi*. Mpiga chapa alidondosha herufi."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini tungejuaje? Mwezi ni mweupe na mwenzi naye ni mweupe, sentensi ilikaa vizuri kama nguo uliyopimiwa. Meneja akaandika upya sehemu ile, akaongeza na maelezo. Bi Sauti peke yake hakucheka. Alisoma, akavua miwani, akanipa ile karatasi.

Iliandikwa kwamba mwenzi yule ndiye aliyekuwa mkubwa zamani. Aliwaka kwa fujo, akajimaliza upesi, akapukutisha ngozi yake angani, akabaki kibete cheupe, kaa lisilo na moto. Amekufa, lakini hajaondoka, na wenzake wangali wanazungukana naye. Chini kidogo paliandikwa kwamba alipopungua uzito mvuto wake ulilegea, wenzake wakasogea mbali.

"Hapa pa mwisho ndipo pangu," Bi Sauti akasema. "Maneno nilikuwa sina, nimeletewa. Nitamleta mama asikie. Tukitoka tu, namwambia."

Nilimkumbatia. Nilifurahi kama vile anaolewa dada yangu wa tumbo moja.

Mama mkwe akaja, kavaa vizuri, mkoba magotini, akakaa mbele kabisa. Bi Sauti alisoma yote bila kutetereka, na neno *mwenzi* alilitamka wazi mpaka likanisisimua. Taa zilipowaka, wakakutana mezani kwangu. Seremala alikuwa nje kwenye ngazi. Alijua ni siku gani.

"Mwanangu," mama akaanza, "huyo mwenzi aliyekufa. Umesema wenzake walisogea mbali."

"Ndiyo, mama."

"Walisogea tu, au waliondoka?"

Nikamtumbulia Bi Sauti macho: danganya! Sema waliondoka! Nani atakwenda huko kukagua? Yeye akatazama mikono ya mama, iliyobana ule mkoba, kucha zina weusi wa dawa ya viatu.

"Walisogea tu, mama. Hawajaondoka. Bado wanamzunguka."

Mama akashusha pumzi, akamshika mkono. "Mimi nilidhani umenileta huku kuniaga."

Wakashuka ngazi pamoja. Seremala akasimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," mama akaitikia, kwa upole wake uleule. Bi Sauti alipita ameangalia vidato.

Mwisho wa mwezi seremala aliondoka. Kile kiti cha karibu na pazia hakijawahi kulegea tena. Mimi bado nina hasira na Bi Sauti, nimemwambia, naye amekubali kwamba nina haki. Anasoma kama kawaida, kila siku, viatu kavua. Kibete anakisema, uzito anautaja, ila akifika pale anarudia la zamani: "Nyota hii ya kale, na mwezi wake mweupe." Meneja ameshalalamika. Nikamdanganya kwamba Bi Sauti ana jino bovu, herufi ile inamuuma.