Kaniki ya Bibi kwenye Tundu la Moshi

Chumba cha ndani cha nyumba yetu kilikuwa na tundu moja tu la moshi, upande wa mashariki, na bibi yangu alikuwa ameliziba kwa kipande cha kaniki yake kuukuu. Upepo wa kipupwe huku Iramba hauna huruma. Huvuma tangu alfajiri, hukausha midomo, na bibi aliamini, kama wazee wenzake wote, kwamba ndio unaoleta kifua. Mtu akikohoa aliingizwa ndani, mlango ukafungwa, moto ukawashwa, na jamaa wakajazana kumpa joto. Ndivyo alivyonilea mimi.

Mwaka mmoja kabla ya mafua mapya kutufikia, tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa. Zamani kila boma lilikaa peke yake, na ukitaka kumwona jirani ulivuka shamba zima la uwele. Sasa nyumba zilipangwa mistari, na jirani akipiga chafya ulimsikia ukiwa kitandani. Mafua yale mapya yalipoingia kutoka upande wa Shelui, hayakuwa na safari ndefu.

Bwana afya alikuja kwa baiskeli kutoka Misigiri, akatukusanya mbele ya ghala la kijiji. Alisema ugonjwa haukuletwa na upepo wala na mkono wa mtu. Ni kidudu kidogo mno, kigeni, ambacho miili yetu haijawahi kupambana nacho. Hutoka na pumzi ya mgonjwa anapokohoa, na ndani ya nyumba iliyofungwa hubaki hewani kikimsubiri mwingine. Dawa ya kukiua hakuwa nayo. Alitaka tufungue nyumba, tuzibe midomo tunapokohoa, mgonjwa alale peke yake na awe na chombo chake, na wazee wakae mbali na wanaokohoa, maana wao ndio kinaowamaliza.

Mzee mmoja mfugaji akasimama.

"Ndugu bwana afya, kama hakionekani, wewe umekionea wapi?"

Watu wakacheka. Bwana afya naye akacheka.

"Fisi akiingia zizini kwako usiku, mzee wangu, unamwona?"

"Simwoni. Asubuhi naona mbuzi hayupo."

"Basi na mimi nafuata nyayo. Nimepita nyumba nyingi. Palipofungwa, wameugua wote."

Mimi sikucheka. Sikupelekwa shule. Nilijifunza kusoma mwenyewe, kwa vitabu vya kaka yangu na magazeti yaliyofungiwa sukari dukani, na labda ndiyo sababu naogopa kukosea kuliko waliofundishwa. Nilirudia maneno ya bwana afya njia nzima nisipoteze hata moja. Nilipofika nyumbani nikamsimulia bibi yote, hata ya fisi, kisha nikachomoa kaniki kwenye tundu.

Bibi akairudisha. Nikangoja atoke, nikaichomoa tena. Hatukugombana. Aliniuliza tu, kwa Kinyiramba, kama nilikuwa nataka afe kwa baridi, kisha akaingia kulala na mtoto mdogo wa kaka yangu, ambaye hakuwa akipata usingizi asipokuwa kwapani mwake.

Kisha mdogo wake bibi akafa kwa mafua yale. Kwetu wanawake hulala nyumba ya msiba mpaka matanga yaishe, wamebanana juu ya ngozi, na kipupwe kile walifunga mlango kabisa. Nilikwenda kuwasihi walale zizini, penye ua wa miiba, wakoke moto. Mama mmoja mtu mzima akaniuliza kama nisingependa zaidi wakaombolezee Misigiri, kwa huyo bwana afya wangu. Nikamrudia bibi, nikamwambia akae nao mchana, uani, ila asilale ndani.

"Alizaliwa nikampokea mimi," akasema. "Leo nyumba yake ilale bila mtu wake?"

Bwana afya hakutupa jibu la hilo.

Bibi alirudi anakohoa. Wengi waliolala naye walirudi hivyo. Sikumwambia kwamba nilimwonya, lakini maneno yalikuwa mdomoni tayari, na kujua kwamba yalikuwepo kunaniuma mpaka sasa.

Tukamwachia chumba cha ndani, sisi tukahamia cha mbele. Mama yangu akaliziba tundu vizuri zaidi, akidhani anamsaidia. Mtoto akakaa mlangoni analia anamtaka bibi yake, nami nikamshika kiunoni asiingie. Bibi akageuza uso mlangoni.

"Hebu nieleze tena habari ya yule fisi," akasema.

Nikamweleza pale pale kizingitini, taratibu, kama nisomavyo kwa sauti.

"Kwa hiyo kule kwa mdogo wangu kilikuwa kinatusubiri humo ndani?"

"Ndiyo, bibi."

"Na humu kinamsubiri huyu?"

Bibi aliinuka akishikilia ukuta, akachomoa kaniki, akaikung'uta masizi, akaziba nayo mdomo. Upepo ukaingia na vumbi lake.

"Mwondoe mtoto mlangoni," akasema.

Tangu hapo hakukubali mtoto amkaribie. Tulimwekea uji katika bakuli lake, nami niliingia kumgeuza na kumfuta nikiwa nimejifunga kanga mdomoni, kisha nikatoka kunawa kwa sabuni mpaka vidole vikapasuka. Alikufa mchana, upepo ukivuma kichwani mwake. Mama na mimi tulikuwa mlangoni. Aliponyoosha mkono mara ya mwisho, nilidhani anatukataza kuingia. Huenda alikuwa anatuita.

Kwenye msiba wake, mama alitandika ngozi zizini bila kumuuliza mtu. Wanawake walisimama wakatazama upepo ukirusha vumbi. Yule aliyenitania habari za Misigiri akajifunika shuka lake, akakaa wa kwanza, mbali kidogo na aliyemfuata.

Mtoto hakuugua. Sasa anachunga ndama, na hulala chumba kile. Kipupwe kikifika hulalamika baridi, na mama husema tuzibe tundu, ugonjwa ulishapita. Mimi humwongezea mtoto blanketi. Naujua upepo ule unavyopiga pale kitandani. Nimelala pale mara kadhaa, nimenyoosha mkono kuelekea mlangoni kama yeye, nikijaribu kujua alikuwa anasema nini.