Siku Mama Pindo Alipoutangulia Ukumbi

Mama Pindo hakuwa mtu wa kuambiwa. Ukimwambia suruali imetoka fupi, atakujibu kwamba ni miguu yako iliyorefuka tangu siku aliyokupima. Watu walinuna, wakachukua suruali zao, wakaondoka, na wiki ya pili haoo, wamerudi na kitambaa kingine. Wafanyeje? Pindo la mama yule lilinyooka hata ukiligeuza juani ulitafutie kasoro, huipati. Ndiyo maana jina alilopewa na wazazi wake lilisahaulika, na tangu wateja mpaka majirani wakamwita kwa kazi yake.

Chumba chake cha kushonea kilikuwa na dirisha moja, meza ya kukatia iliyochongoka kona moja, cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na juu ya rafu, karibu na kopo la vifungo, redio kaseti. Aliinunua kwa fundi redio aliyeiunga kwa vipuri vya redio tatu tofauti, na fundi alimwapia kwamba itaimba mpaka mwenyewe achoke. Kweli iliimba. Kaseti zilikuwa nyingi kwenye boksi, lakini iliyokaa ndani ya mashine ilikuwa moja, ya yule mpiga gitaa ambaye mashabiki walimwita Vidole Tisa. Kidole chake kimoja cha mkono wa kulia kiliondoka na mashine ya kusaga nafaka ujanani, na vile vilivyobaki vikafanya kazi ambayo wenye vidole kumi hawaiwezi.

Huyo ndiye aliyekuwa mtu wake. Alipofiwa na mumewe alishona nguo za msiba kwa mkono wake mwenyewe huku Vidole Tisa akilia chini chini kwenye rafu. Alipougua goti akakatazwa kukanyaga cherehani, alilala kitandani na redio kifuani. Na katika nyimbo zote aliupenda ule wa upande wa pili, "Kiti cha Dirishani", wa mtu aliye safarini anayemwomba mkewe amwekee kiti karibu na dirisha. Mguu wake uliuzoea wimbo ule kiasi kwamba hata siku umeme umekatika na redio iko kimya, cherehani ilikwenda kwa mwendo wa wimbo. Sketi moja ya shule ilitoka kwa beti mbili na kiitikio.

Wimbo huo ukipigwa na kituo cha redio, na ulipigwa mara kwa mara, alikuwa anakunja uso na kuzima. "Kaseti yao imechoka," alikuwa akisema. "Unasikia wanavyoburuta? Mtu mzima anaimba kama amekalishwa juu ya gunia!" Hakuna aliyembishia. Nani ana nguvu hizo asubuhi asubuhi?

Aliyewahi kumbishia ni mmoja tu, mdogo wake, na hilo ndilo hasa ninalotaka kulisimulia.

Wazazi wao walifariki wakifuatana, dada akiwa na miaka ishirini na mdogo wake tisa. Dada alikamata cherehani, akamlea, akamsomesha, akamchapa palipostahili kuchapwa na pasipostahili pia. Kijana alipofika miaka kumi na saba na hamu ya gitaa imemjaa kichwani, dada alishona usiku na mchana msimu mzima wa sare za shule, akamnunulia gitaa. Halikuwa jipya lakini lilikuwa zima. Kijana nusura alie. Miezi minne alijifungia nalo chumba cha nyuma, akijifunza kwa redio ya jirani, na siku moja akaja nalo chumba cha kushonea, akakaa juu ya marobota ya vitambaa na kusema, "Dada, sikiliza." Akapiga "Kiti cha Dirishani" mwanzo mpaka mwisho.

Dada alisikiliza mpaka mwisho, hilo tumpe. Kisha akasema, "Umelala."

"Nimelala vipi?"

"Mwendo huo si wenyewe. Na gitaa lenyewe sauti iko chini, nyuzi zimelegea. Ngoja." Akawasha redio, akaiacha kaseti iseme. Na kweli, kaseti ilikwenda mbio kuliko kijana, na sauti yake ilikuwa juu. "Umesikia mtu anavyopiga? Kaza nyuzi."

"Dada, nadhani ni redio yako. Kwa jirani..."

"Redio yangu ndiyo inayokulisha. Kaza nyuzi, nimesema!"

Kijana akakaza. Akajaribu kuifuata kaseti, akakosa, akaambiwa akaze tena. Akakaza tena, na uzi mwembamba ukakatika, ukamchapa chini ya jicho, damu ikatoka. Mama Pindo alichukua kitambaa cha pamba, akamfuta, na huku anamfuta akasema neno ambalo lilimtoka tu, kama mengi yalivyokuwa yakimtoka. "Umeona? Hata gitaa lenyewe limekuchoka."

Wiki ile ile kijana alimgawia gitaa rafiki yake wa shule aliyekuwa anahama. Alishika brashi, akajifunza kupaka rangi nyumba za watu, akawa fundi rangi wa kuaminika, akaoa, akapata watoto watatu. Kila Jumapili alikuja kumsalimia dada yake na mkononi ana kitu. Walipendana, msije mkadhani vingine. Ila kila alipokuwepo mgeni, Mama Pindo hakukosa kumtania. "Huyu mnayemwona alitaka kuwa Vidole Tisa, akaishia vidole vya rangi!" Wageni walicheka na fundi rangi naye alicheka, kisha akaangalia viatu vyake. Miaka ishirini na sita alikuwa akicheka hivyo.

Sasa, mwaka huo fundi rangi alipata kazi ya kupaka upya ukumbi mkubwa wa mjini, na alipomaliza msimamizi akampa tiketi mbili, za viti vya mbele kabisa. Jumapili akazitua juu ya meza ya kukatia.

"Dada, Jumamosi saa tisa alasiri. Vidole Tisa mwenyewe."

Mama Pindo alisimamisha mguu. Akazishika tiketi, akazisoma, akazigeuza nyuma kana kwamba kuna kasoro ya kutafuta. Machozi yakamlengalenga, akajidai ni vumbi la chaki. "Kwa hiyo bado yu hai," akasema, "na mimi bado niko hai." Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyo, akaongeza, "Haya sasa, mdogo wangu. Jumamosi utausikia mwendo wenyewe. Ile kesi yetu itakwisha."

Ilikuwa mara ya kwanza kuitaja kesi hiyo wakiwa wawili peke yao. Fundi rangi alimtazama kidogo. "Haya, dada," akasema.

Jumamosi ilipofika Mama Pindo alivaa gauni alilolishona wiki ile ile, la bluu, na saa nane wakawa wamekaa kitini. Ukumbi ulinukia rangi mbichi. Watu wakaja na kuja, vijana kwa wazee, mpaka wengine wakasimama ukutani, na fundi rangi akawaonya wasiegemee. Saa tisa na dakika kumi akatoka mzee mwembamba, koti limemzidi mabega na gitaa limening'inia shingoni. Mama Pindo hakupiga makofi. Alishindwa. Alikuwa amejishika mdomo na mikono yote miwili, anamtazama mtu aliyeishi naye chumba kimoja miaka yote ile bila kuonana naye uso kwa uso. Hata hivyo jicho la kazi halilali, akamnong'oneza mdogo wake, "Pindo la suruali yake limeshonwa kwa mkono, tena vibaya. Maskini, hana mtu."

Nyimbo mbili za kwanza zilikuwa mpya, hakuzijua. Alizisikiliza kwa heshima. Kisha mzee akavuta kiti, akakaa, akagusa uzi mnene, na ukumbi mzima ukapiga kelele kabla hata uzi haujanyamaza. Ni "Kiti cha Dirishani".

Mama Pindo alifumba macho. Mguu wake wa kulia ukaanza chini ya kiti. Lakini lo, kuna kitu hakikukaa sawa. Gitaa lilikuwa zito, la chini, linatembea taratibu kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Sauti ya mzee nayo ilikuwa nene, wala si ile nyembamba ya kwenye rafu. Ameshazeeka, akajisemea kwa huruma. Vidole havikimbii tena. Akaamua kumsaidia. Kilipofika kiitikio akafungua mdomo na kuimba kwa nguvu zake zote:

"Nimekuomba kiti cha dirishani..."

Peke yake! Ukumbi mzima ulikuwa bado uko kwenye ubeti. Mwanamke wa mwisho wa safu yao akageuka. Mama Pindo akanyamaza, akasubiri, na alipodhani wakati umefika akaingia tena, na tena akawa ametangulia. Alipomaliza mstari ndipo wenzake mia kadhaa walipoanza, wote kwa pamoja, vijana kwa wazee, mdomo mmoja. Hakuna aliyesita wala kumkimbiza mwenzake. Walikuwa wanaujua.

Jirani yake wa kushoto, mzee mwenye fimbo, alicheka kwa upole. "Mama, unakimbilia wapi? Gari halijaondoka."

"Siku hizi ameupunguza mwendo, eti?" Mama Pindo akamuuliza, na sauti yake ilikuwa ya kuomba.

"Aupunguze kwa nini? Mimi nina santuri yake nyumbani, ile ya kwanza kabisa, ya kabla hajaota mvi. Ndivyo ulivyo. Hajaongeza wala kupunguza."

Mama Pindo akageuka kulia polepole. Mdogo wake hakuwa anamtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, anasikiliza, na vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vinabonyeza goti, kimoja baada ya kingine, vinahama pale pale mpiga gitaa anapohama, bila kuchelewa wala kuwahi. Miaka ishirini na sita vilikuwa bado vinajua njia. Chini ya jicho alikuwa na ile alama, ndogo, ambayo dada mtu alikuwa ameacha kuiona.

Hapo ndipo yote yalipomwangukia. Mwendo ule aliusikia siku ile juu ya marobota ya vitambaa. Ulikuwa huu huu, na sauti ya gitaa ilikuwa hii hii ya chini. Kijana wa miaka kumi na saba aliupiga sawasawa kama Vidole Tisa mwenyewe, na yeye akamwambia amelala. Mama Pindo alikaa nyimbo zote zilizobaki mikono mapajani. Watu walisimama, wakacheza, wakakaa. Mguu wake haukusogea.

Walipotoka nje jua lilikuwa bado lipo. Fundi rangi alikuwa na furaha, anasimulia hiki na kile, mpaka alipogundua anasema peke yake. Dada yake alikuwa amesimama nyuma, mbele ya duka la viatu.

"Ile redio," Mama Pindo akasema. "Inakimbia."

"Inazungusha kaseti mbio kidogo, dada. Ilizaliwa hivyo."

"Ulinipigia sawasawa."

Fundi rangi akakuna shingo. "Ya kale hayo."

"Usinifunike na ya kale! Niambie ukweli. Uliacha kwa sababu yangu?"

Angeweza kumdanganya. Watu wengi wangemdanganya mwanamke wa umri ule, tena barabarani. Fundi rangi alitazama viatu vya dirishani kwa muda, kisha akamtazama dada yake. "Ndiyo," akasema. "Niliacha kwa sababu yako. Wewe ndiye niliyekuwa nakuamini kuliko watu wote. Uliposema sijui, nikaona basi, sijui."

Hakulisema kwa ukali, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. "Nisamehe, mdogo wangu," Mama Pindo akasema, na neno lilimtoka kwa shida maana halikuwa na mazoea ya kutoka.

"Nilishakusamehe zamani, dada. Twende, utachelewa kwako."

"Siendi kwangu. Wanao wanajua kwamba ulikuwa unapiga gitaa?"

"Hapana. Wamezoea kusikia ule utani wako tu."

"Basi naenda kwako."

Akatangulia yeye, kwa hatua zake za haraka, na goti lile bovu. Wakamkuta wifi yake anakunja nguo zilizokauka na watoto wote watatu sebuleni, mkubwa tayari ana ndevu za kuanzia. "Shangazi! Karibu, shangazi," wakasimama kumpokea. Akakataa kiti. Akawaambia wakae wao, na yule mdogo azime televisheni.

"Kuna jambo nimekuwa nikiwaambia watu kuhusu baba yenu," alisema, "mbele yenu pia, na mkacheka. Ni uongo. Baba yenu alipokuwa na umri wa huyu mkubwa alikuwa anapiga gitaa, na alipiga vizuri sana, sawasawa kama mwenyewe niliyemsikia leo. Mimi nilimwambia hajui. Mimi ndiye niliyekuwa sijui, na yeye akaacha."

Wifi alikuwa ameshika shati nusu limekunjwa. Kijana mkubwa akamgeukia baba yake, aliyekuwa bado mlangoni na viatu mkononi. "Baba, kumbe?" akauliza.

Fundi rangi alitaka kucheka kile kicheko chake cha siku zote. Hakikuja. Akaviweka viatu chini, akajibu, "Ndiyo. Nilikuwa napiga," na ndipo alipolia.