Pole na Macho

Mtaani alijulikana kama Mama Pindo, kwa kuwa gauni lililopita mikononi mwake ungeligeuza ndani nje usione uzi wa pindo ulipoanzia. Kazi yake ilikuwa magauni ya harusi. Alishona pamoja na wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, katika chumba cha mbele cha nyumba ya huyo wifi: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, kioo cha kusimama na pazia la kubadilishia nguo. Wifi alikaa mbele, akapokea wateja, akawapima na kuwasifu. Mama Pindo alikaa nyuma ya pazia, akakata na kushona.

"Mimi mdomo, wewe mkono," wifi alipenda kusema, wakacheka wote.

Mtu akija na begi lililoharibika zipu, wifi alimrudishia mlangoni kwa tabasamu. "Hapa hatushoni viraka, mpenzi." Mama Pindo naye aliona ni sawa. Fundi wa maharusi ataonekanaje ameinamia begi la shule?

Asubuhi moja alifika akakuta cherehani yake imesukumwa nje ukumbini, na mahali pake pana mashine mpya ya umeme. Msichana asiyemjua alikuwa ameikalia, anaunga mkono wa gauni ambalo Mama Pindo mwenyewe alikuwa amelikata.

"Wifi, nimepata mbia," dada mtu akasema, akizungusha tepu ya kupimia vidoleni. "Ana mashine, ana mafundi wake. Wewe umechoka, pumzika kidogo. Mambo yakikaa sawa nitakuita."

"Nilikuambia lini kwamba nimechoka?"

"Usiyachukulie vibaya, wifi yangu. Sisi ni ndugu."

Nyumbani mumewe alimsikiliza huku anakula, macho kwenye sahani. "Vumilia," akasema. "Dada hawezi kukutupa."

Akavumilia. Aliweka cherehani yake karibu na dirisha, akangoja wateja wake wa zamani wamtafute. Hakuja hata mmoja. Ilifika mahali akaanza kujiuliza kama kweli alikuwa fundi, au ni ule mdomo wa mbele ya pazia ndio uliokuwa ukishona.

Ndipo alipokutana sokoni na mwalimu wa chekechea, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemshonea gauni la harusi, kisha na la mdogo wake. Mwalimu alimshika mikono yote miwili, kama ashikwavyo mgonjwa.

"Pole sana na macho, dada."

"Macho gani?"

Mwalimu akaduwaa. "Si wifi yako alituambia huoni tena hata tundu la sindano? Akasema tusije kukuuliza, tutakuliza bure. Nami nikamuuliza shemeji, mumeo, akaniambia tukuombee."

Mama Pindo alisahau alichokuwa akinunua.

Mumewe aliporudi kutoka kazini alimkuta amesimama mlangoni.

"Uliwaambia watu waniombee nini?"

Mwanamume alivua kiatu kimoja, akakaa nacho mkononi. "Dada aliogopa wateja watakufuata, na yule mbia angejitoa. Niliona ni maneno ya muda tu. Yatapita."

"Na mimi?"

"Wewe uko na mimi. Umewahi kulala njaa?"

Mama Pindo alitamani mumewe akane, hata kwa uongo. Hakukana. Kumbe dada alikuwa akiuma, kaka akawa anapuliza, na yeye katikati kalala usingizi wa pono. Ya wifi yalimkasirisha. Haya ya mumewe yalimuumiza, akakaa chini palepale kizingitini.

Kesho yake alikwenda kumchukua binti yake shuleni, kama siku zote. Safari hii, labda kwa uchungu wa kuambiwa haoni, alitazama kila kilichopita mbele yake. Mabegi yalifungwa kwa kamba, kwa pini, kwa waya. Mtoto mmoja alilikumbatia lake kifuani vitabu visimwagike. Masweta ya zipu yalikuwa wazi kama midomo. Kisha akatoka binti yake, begi lake limefungwa kwa utepe wa gauni la harusi.

"Hili limeharibika lini?"

"Zamani, mama. Ulikuwa na kazi nyingi."

Ng'ambo ya geti alikaa fundi viatu chini ya mwavuli wake. Mama Pindo alijua akikaa pale, watu watasema ameshuka, na wifi atapata habari kabla ya mchana. Alivuka barabara kabla moyo haujamrudisha.

"Baba, nikiweka cherehani yangu hapa pembeni, nitakubana?"

Mzee akamkagua. "Wewe si ndiye tuliyeambiwa haoni?"

"Ndiye."

"Basi ilete. Mimi nashona midomo ya viatu, wewe shona ya mabegi. Ya watu ndiyo haina fundi."

Mama Pindo alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kicheko peke yake.

Siku ya kwanza wanawake aliowashonea walipita wakinong'onezana. Alitunga uzi hadharani, taratibu, wakiona. Mwalimu wa chekechea akaleta mkoba wake. Wakafuata wazazi, kisha walinzi na makoti yao, wasafiri na masanduku ya nguo, mwenye hoteli na makava ya magodoro. Ikabidi anunue mwavuli wa pili.

Wifi alikuja mara moja. "Unatuaibisha, kukaa barabarani hivi."

"Sogea kidogo, wifi," akamjibu. "Wateja hawapati pa kupita."

Kila asubuhi mumewe humbebea cherehani mpaka pale, bila kuombwa. Mama Pindo humwambia asante. Jioni mumewe akimuuliza siku ilikwendaje, hujibu, "Nzuri," akaendelea na shughuli zake. Kazi imemrudia. Lakini ile tabia ya kumwambia mumewe jambo kabla ya mtu mwingine yeyote haijarudi, na yeye hajaitafuta.