Taratibu Alivyogoma Kuchanjwa

Mume wangu mtaa mzima unamwita Taratibu, na si jina la kumsifu. Mpelekee mlango wa kabati uliovunjika leo: atauzunguka, ataugonga kwa kidole, atauanika juani, na keshokutwa ukirudi utamkuta bado anauangalia. Ukimuuliza vipi, atakwambia, "Taratibu, bwana." Lakini akishakurudishia, utazeeka wewe, mlango hautalegea. Ana miaka thelathini na moja kwenye useremala. Nusu ya vitanda vya mtaa huu amevitengeneza yeye, na hajawahi kuitwa arudi kupigilia msumari.

Mimi ni mkewe, fundi cherehani, na sina subira hata chembe. Tuna vyumba viwili: cha mbele nashonea, cha nyuma tunalala, na uani, chini ya mabati, ndiyo karakana yake. Siku nzima cherehani yangu inalia huku, msumeno wake unalia kule, na katikati tunagombana. Yaani mimi ndiye ninayegomba. Yeye ananyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kunakonitia wazimu.

Kifua chake ni kibovu. Nasema mapema ili ujue nilikuwa naogopa nini. Unga wa mbao wa miaka yote hiyo umemjaa humo ndani. Asubuhi anakohoa mpaka machozi yanamtoka, anashika ukuta, kisha anafuta uso na kwenda kupiga randa kama hakuna kilichotokea. Kwa hiyo ule ugonjwa wa kukaba pumzi ulipoingia mjini, sikumwogopea mtu mwingine yeyote. Fundi bomba wa nyumba ya tatu alikuwa na mapafu mazima, mtu wa kubeba mabomba mawili begani anapiga mluzi, na alikufa ndani ya siku tisa. Nikajiambia, huyu wangu hamalizi nne.

Chanjo ilipofika kituo cha afya, nilikuwa mtu wa kumi na mbili kwenye foleni. Nilirudi nyumbani mkono unaniuma, nikaenda moja kwa moja karakana.

"Kesho zamu yako," nikamwambia.

"Nitaona."

"Utaona nini? Utaona jeneza?"

"Taratibu, mama."

Mama! Mtu anataka kuniachia ujane, halafu ananiita mama.

Nilijua sumu inatoka wapi. Kaka yake mkubwa, shemeji yangu, ni karani wa ofisi, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, na kwenye kundi la simu la ukoo yeye ndiye mwenyekiti, msemaji na mpiga debe. Kila asubuhi alituma sauti yake: chanjo hii msiiguse, sisi si watu wa kufanyiwa majaribio, na atakayechanjwa kwenye ukoo huu asikanyage sebuleni kwangu. Mama mkwe alikuwa anasikiliza zile sauti mara mbili mbili, anaitikia kwa kichwa. Mume wangu hakuwahi kujibu kitu kule. Mimi nikajibu siku moja, wakanitoa kwenye kundi.

Basi, kama ukoo una watu, na mimi nina wateja. Sikumwachia mume wangu nafasi ya kupumua. Mwalimu mkuu alipokuja kuulizia madawati aliyoagiza, nilimvuta pembeni nikamwambia asimpe kazi nyingine mpaka aone kadi ya chanjo. Fundi viatu nilimwambia. Mama wa genge nilimwambia, naye akaanza kumwekea nyanya zake juu ya ndoo iliyogeuzwa, kisha anarudi nyuma hatua tatu, Taratibu azichukue mwenyewe. Watu wakawa wanamzomea akipita: "Taratibu, kadi iko wapi?" Na wale waliokuwa hawataki chanjo nao wakamgeuza shujaa wao, wanampiga mabega, wanamwambia kaza hapo hapo. Aliwachukia hao kuliko waliomzomea. Mimi niliona kazi inampungua, nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi. Nilisema akibanwa sana atatoka aende kituoni.

Hakutoka. Alinyamaza zaidi.

Sasa sikiliza. Jumatano moja shemeji akaja kupimwa suti. Alikuwa amepandishwa cheo, kaleta kitambaa cha kijivu, kavimba kichwa. Mimi nikipima suti naanzia kifua, naenda mabega, kisha nazungusha futi juu ya mkono, pale kwenye msuli, ili mkono wa koti usimbane mtu. Nilipoikaza futi kwenye mkono wake wa kushoto, mtu mzima akaruka.

"Aaa! Polepole, shemeji!"

"Nini?"

"Nimeulalia vibaya."

Umeulalia? Tangu chanjo ianze nilikuwa nimeshapima watu wasiopungua kumi na tatu waliotoka kituoni jana yake, na wote waliruka vile vile, mahali pale pale. Hakuna muuguzi anayejua mikono ya mtaa huu kunishinda. Nikashusha futi, nikamtazama machoni.

"Umechanjwa wewe."

Akachungulia mlangoni kwanza. Kisha ile sauti ya kwenye simu ikawa kama ya mtoto aliyevunja sahani. "Shemeji, nakuomba. Ofisini wamesema bila kadi hakuna kuingia. Ningefanyaje? Mama akijua itakuwa balaa."

"Na mdogo wako akifa kwa kukusikiliza wewe, hilo si balaa?"

"Yule ni mtu mzima. Sijamfunga kamba."

Nusura nimchome na pini. Nilimwambia atoke. Na hapa ndipo nilipokosea, sitajisafisha. Ningeweza kwenda uani dakika ile ile nikamwambia mume wangu peke yake. Sikwenda. Nilitaka mashahidi. Jumapili ukoo ungekutana kwa mama mkwe, na mimi nilitaka shemeji avuliwe nguo mchana kweupe, mbele ya mama yake, mbele ya dada yake, halafu mume wangu aone alikuwa anamfuata nani.

Jumapili ikafika. Sebule ya mama mkwe ni ndogo, tulikaa magoti yanagusana. Shemeji hakuona hata haya, akaanza: "Nampongeza mdogo wangu kwa msimamo wake. Si rahisi kusimama imara, hasa mtu akiwa na fitina nyumbani kwake."

Nikasimama.

"Fitina mimi? Mama, mwanao huyu mkubwa kachanjwa. Mwangalieni!"

Nikamshika ule mkono wa kushoto, pale pale kwenye msuli, nikaminya kwa nguvu zangu zote, vidole vya mtu anayekata turubai kwa mkasi.

Hakuruka. Hakukunja hata uso. Alinitazama, akautazama mkono wangu, akacheka.

"Minya tena, shemeji. Labda hujafika."

Siku nne zilikuwa zimepita. Maumivu ya sindano ile hayakai siku nne. Mimi mwenyewe yalinitoka siku ya pili, na bado kwa hasira zangu nikasahau kitu ambacho mwili wangu ulikuwa unakijua. Nilisimama nimeshika mkono wa mwanamume katikati ya sebule kama mwendawazimu. Wifi akapiga kicheko. Mama mkwe akasema, bila kupandisha sauti, "Huyu mwanamke ataua mwanangu kwa mdomo kabla ugonjwa haujafika." Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo mume wangu akasema, "Kachanjwa."

Wote wakageuka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, anatazama sakafu.

"Jumanne, saa nne asubuhi. Mimi ndiye niliyemsindikiza. Anaogopa sindano, aliniomba nimshike mkono."

Mama mkwe alimtazama mwanawe mkubwa kwa muda mrefu, kisha akanyanyuka akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Nilikuwa nimeshinda! Nilikuwa nimeshinda kabisa, na nikashindwa kukaa kimya hata kwa dakika moja nikaufaidi ushindi wangu.

"Kumbe ulikuwa pale pale!" nikamfokea mume wangu. "Kituoni! Sindano iko mbele yako! Ukamshikia mwenzio mkono ukarudi mtupu? Una akili wewe?"

Akanyanyua macho.

"Habari zangu umemwambia mwalimu mkuu," akasema. "Umemwambia fundi viatu. Umemwambia mama wa genge, ananitupia nyanya kama mbwa. Leo umewaambia hawa. Mimi umeniuliza lini?"

"Nimekwambia kila siku ya Mungu!"

"Kuniambia, ndiyo. Nasema kuniuliza."

Jioni ile akabeba godoro akalipeleka karakana.

Siku kumi alilala kule juu ya maranda, na mimi namsikia anakohoa kupitia ukuta. Sikwenda. Moyoni nilikuwa namtukana kutwa: mwanamume mzima, ananuna, wakati watu wanazikwa. Nilikuwa na maneno mengi yamenijaa, na kila neno lilikuwa amri. Nilijaribu kuligeuza mojawapo liwe swali, nikashindwa. Usicheke. Jaribu wewe, baada ya miaka ishirini na sita ya ndoa.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, nikampelekea chai. Alikuwa anapiga msasa mguu wa meza. Nilisimama mlangoni.

"Unaogopa nini?" nikamuuliza.

Akaendelea na msasa. Nikauma ulimi. Aliumaliza ule mguu, akaigeuza meza, akaanza wa pili. Mimi nimesimama tu na kikombe. Sijawahi kusimama hivyo kwa mtu yeyote.

"Siku ile nilishaandikisha jina," akasema mwishowe. "Nilisema tukae tuchanjwe wote wawili, mimi na kaka. Nimekaa kwenye benchi, nikakohoa. Yule muuguzi akanisikia. Akasema mzee, wewe pitia kwa daktari kwanza asikilize hicho kifua. Nikainuka nikatoka."

"Kwa nini?"

"Unajua atakachosema. Na mimi najua. Ataniambia niache mbao." Akaweka msasa chini. "Sindano siiogopi. Nikiacha mbao, mimi ni nani? Nikae pale mbele kutwa, nakusikiliza wewe?"

Nilikuwa na majibu. Heri kuacha mbao kuliko kuacha roho. Una mke, una watoto waliokwishaanza maisha yao, una mtaa mzima unaokuhitaji. Yalinijaa mdomoni yote. Nikayameza.

"Nimesikia," nikasema.

"Umesikia, halafu?"

"Basi. Nimesikia."

Alinitazama kama hanijui. Akachukua kikombe, akanywa chai yake.

Jumatatu iliyofuata alioga, akavaa shati jeupe, akapita chumba cha mbele nilipokuwa nashona. "Nakwenda kituoni," akasema. "Usinifuate." Nikabaki. Nilishona kola moja mara tatu, mara zote tatu nikaifumua.

Alirudi mchana na karatasi mbili. Moja ilikuwa kadi ya chanjo. Ya pili ilikuwa ya daktari, naye aliandika kile kile: mapafu yamechoka, vumbi la mbao basi, hata siku moja zaidi ni hatari. Aliniwekea zote mbili kwenye meza ya cherehani. "Soma," akasema. Kisha akaenda uani akaitungua aproni yake msumarini, akaikunja.

Wimbi jingine la ugonjwa lilipokuja, lilimkamata. Aliugua siku sita, akainuka. Majirani wakaja kunipa mkono, eti nimemwokoa mume wangu. Mwalimu mkuu alikuja. Mama wa genge alileta kikapu kizima cha nyanya, akamkabidhi mkononi. Hata shemeji alituma salamu, ingawa hatusemeshani mpaka leo na suti yake alikwenda kushonewa kwingine. Nilizipokea pongezi zote. Ningefanyaje? Nilimtaka hai, na nilimpata hai.

Anakaa nami mbele sasa, kwenye benchi la wateja. Ananishikia ncha ya kitambaa nikikata, anashona vifungo, anafagia nyuzi. Nikimfokea, hajibu. Nikimwomba msamaha, hajibu vile vile. Nilimwomba mara mbili, kwa maneno mazima, mimi ambaye sijawahi kumwomba mtu msamaha. Mara ya pili alisema, "Hukukosea, mama. Ulikuwa na haki." Afadhali angenipiga kofi.

Juzi akaingia mgeni, mtu wa mtaa wa mbali, kashika mguu wa kiti uliovunjika. Ametumwa, anasema, ameambiwa hapa kuna seremala mmoja wa ajabu, akikutengenezea kitu hakivunjiki tena.

"Samahani," akauliza, "Taratibu yupo?"

Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akajibu kutoka kwenye benchi, na sindano na kifungo mkononi.

"Hayupo."

Yule mtu akashukuru, akachukua mguu wake wa kiti, akaenda zake.