Nguzo Namba Sitini na Moja

Mjomba wangu amekuwa fundi wa taa za barabarani kwa miaka thelathini na moja, na mji mzima unamwita Bwana Mwanga. Kisiwa chetu ni mlima mmoja wa moto uliochomoza baharini, kwa hiyo barabara zote ama zinapanda ama zinashuka, na kila nguzo imechimbiwa kwenye mwamba mweusi unaomaliza nyundo. Majivu ya mlima huziba vioo vya taa. Moshi wake hula skrubu. Kila mwezi Mjomba hubeba ngazi yake, ambayo ameivisha miguu ya tairi isiteleze, akazipitia nguzo zote, kisha huandika kwenye daftari lenye gamba la plastiki: namba ya nguzo, tarehe, na neno moja. Inawaka. Taa ikifa, hana raha mpaka aliandike tena neno hilo.

Basi fikiria hali yake siku ofisa wa halmashauri alipomwita ofisini.

"Mzee, tunataka ututafutie sehemu tatu zenye giza."

"Nizitie taa?"

"Hapana, zibaki na giza lake. Kuna wageni wanataka kuja kuangalia nyota."

Mjomba alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua kofia. Mkewe alimwuliza kama amefukuzwa kazi.

"Sijui," alisema. "Nimetumwa nikatafute mahali ambapo sijafanya kazi."

Mkewe alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Si useme tu wamekutuma ukatafute uvivu wako!"

Mjomba hakucheka. Alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu, na kitu pekee alichotaka kukabidhi kwa fahari kilikuwa daftari lile, lisilo na taa hata moja iliyoachwa imekufa.

Mimi nilifurahi wala sikuficha. Nilisoma fizikia chuoni, nikarudi kisiwani nikiwa na hasira: watoto wa mtaani kwetu wanajua majina ya wachezaji wa timu za mbali, lakini hawajawahi kukiona Kilimia, lile kundi la nyota, kikichomoza. "Tumelifunika anga kwa balbu," nilisema mezani. "Kitu kilichokuwa cha kila mtu, bure, tumekifuta wenyewe!"

"Balbu hizo nimezifunga mimi," Mjomba alisema.

"Sikusemi wewe, Mjomba."

"Unamsema nani basi? Fundi ni mmoja."

Hata hivyo alinipa daftari. Nilichora ramani ya kisiwa, nikatia doa jekundu kwa kila taa. Pasipo na doa, nikasema, ndipo penye giza. Jioni ya kwanza tulikwenda mahali pasipo na doa hata moja, tukakuta hoteli imemulika jabali zima kwa taa za rangi. "Hizi si zangu," Mjomba alisema, kama mtu aliyesingiziwa. Jioni ya pili tulipata sehemu mbili nzuri, moja upande wa magharibi ambako mwamba ulimwagika zamani ukiwa moto, nyingine nyuma ya machimbo ya kokoto. Ikabaki moja, na orodha ilitakiwa baada ya siku mbili.

Jioni ya tatu tulipanda kuelekea juu, kupita kijiji cha mwisho. Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Tuliingia ndani ya wingu, tukapotea kidogo, tukatokea upande wa pili. Wingu likabaki chini yetu, limezifunika taa zote za mji. Nilinyoosha mkono nisiuone. Nilipotazama juu, nilipiga kelele kama mwehu. Nyota zilikuwa nyingi hata nikashindwa kuzitambua zile ninazozijua.

"Ni hapa, Mjomba! Andika, ni hapa!"

Mjomba alirudi nyuma hatua mbili ili atazame vizuri, mgongo wake ukagonga chuma. Alipapasa. Akawasha tochi. Ilikuwa nguzo, na juu yake namba sitini na moja kwa rangi nyeupe, mwandiko wake mwenyewe. Alifungua daftari haraka. Sitini na moja. Siku kumi na mbili zilizopita. Inawaka.

"Itakuwa imeungua jana," alisema.

Bibi mmoja alitoka kwenye nyumba ya jirani na tochi yake. "Nani huko?"

"Shikamoo, mama. Ni mimi fundi wa taa."

"Marahaba. Leo umekuja usiku? Wewe si huja mchana?"

"Hii taa imezimika lini?"

"Hiyo? Haijawahi kuwaka usiku, baba. Huwaka mchana, ukija wewe."

Lazima nieleze. Taa hizi zina jicho juu linalojua giza na mwanga. Ili kuzipima mchana, Mjomba hupanda ngazi na kulifunika jicho kwa kofia yake. Taa ikidhani usiku umeingia, inawaka.

"Nguzo hii niliisimika miaka kumi na moja iliyopita, mama, na hamkusema?"

"Tulidhani ni ya majaribio. Unapanda, unaivisha kofia, inawaka, unaandika, unashuka umefurahi. Nani angekuharibia furaha yako?"

Mjomba alijishusha kukaa kwenye vidato vya mawe.

"Angalia hapo," bibi alisema. "Ndipo nilipovunjikia mguu."

Asubuhi tulikwenda kwenye kibanda cha pampu ya maji, hatua mia mbili chini ya nguzo, kwa sababu taa ile huchukua umeme humo. Mlinzi wa pampu alitupokea kwa heshima zote.

"Saa kumi na mbili jioni nazima swichi kuu, kama nilivyoagizwa. Sijakosa hata siku moja."

"Na mimi sijakosa hata mwezi mmoja," Mjomba alisema.

Wakatazamana, wazee wawili wasio na kosa, na katikati yao taa isiyowaka.

Nje ya kibanda nilimshika mkono. "Mjomba, iache hivyo hivyo! Kisiwa kizima hakina mahali kama pale."

"Nikiandika kwamba pale pana giza, nimeandika kwamba daftari langu linadanganya."

"Halidanganyi. Ulikosea tu. Ukweli uandikwe!"

"Na mguu wa yule mama, niuandike ukurasa gani?"

 

Alikwenda kumwuliza bibi mwenyewe. Bibi alifikiri huku akiwatupia kuku punje. "Hawa huingia bandani saa moja. Mimi saa mbili nimeshajifungia ndani. Nipeni taa mpaka hapo. Baada ya hapo giza ni lenu, litazameni mpaka shingo ziwaume."

Mlinzi wa pampu aliguna kwamba agizo ni agizo, lakini jioni ile alituachia swichi. Giza lilipoingia, taa namba sitini na moja iliwaka bila kofia ya mtu. Bibi alishuka vidato, akapanda, akashuka tena, na huko chini hakuwa na shughuli yoyote.

Saa mbili kamili Mjomba aliishusha swichi kwa mkono wake. Sikuwa nimewahi kumwona akizima taa nzima. Tulipanda mpaka kwenye nguzo, na anga lote likawa pale, na Kilimia ndani yake.

Kwa mwanga wa tochi aliandika mahali pa tatu kwenye orodha ya ofisa: chini ya nguzo namba sitini na moja. Kisha akafungua daftari lake. Akaanza neno lake lile moja, akalikata. Kalamu ikabaki hewani.

"Mpwa wangu, sasa hii ni taa nzima au mbovu?"

Niliitazama nguzo, kisha anga.

"Sijui, Mjomba."

"Na chuo ulisoma," alisema, akazima tochi.